Alama ya Vema Kwenye Hapana

Jumatatu, 4 Novemba

Fomu nimeipata! Kurasa sita, karatasi nzito, nembo ya shule juu. Karani kanipitishia dirishani, akanitazama mara mbili. Miaka sita ananijua mimi wa geti la nyuma, fundi wa sare, mama wa mafurushi. Leo nimeingia geti la mbele, mikono mitupu, nikasema nataka fomu ya mtoto. Akauliza mtoto wa nani. Wangu, nikasema. "Aa! Kumbe na wewe una mtoto?" Kana kwamba mafundi tunazaa vifungo.

Basi ndiyo, nimezaa Kifungo. Jina lilimganda tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja, hata miaka miwili hajafikisha. Tulikingoja siku mbili na kikatoka, nikakiosha, nikakishona palepale kilipotakiwa. Mteja hajui mpaka leo. Mtoto sasa ana miaka minane.

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna vifua na viuno vya watu, huku nyuma hakuna anayefika.

Kurasa tano nimezijaza mchana huu kati ya mteja na mteja. Jina, tarehe, anakoishi, baba (marehemu), mama (fundi cherehani). Ukurasa wa sita ndio ulionikamata. Je, mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu, kwa mfano pumu, kisukari au kifafa? Visanduku viwili. Ndiyo. Hapana. Weka alama ya vema.

Nimeifunga fomu. Nimeiweka chini ya pasi.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike kwa nini naitaka shule ile, nisije nikasahau mwenyewe.

Darasa lake la sasa lina watoto tisini na tatu. Machi alianguka mbele ya ubao. Watoto wakakimbia kupitia madirishani. Mwalimu — mtu mzima, ana cheti! — akachukua chaki, akachora duara kumzunguka mwanangu sakafuni, akakataza mtu yeyote asivuke mpaka kiishe. Mpaka kiishe! Nilipofika bado alikuwa ndani ya lile duara, amelala, sare imelowa. Nilivuka nikamchukua. Mimi chaki nachora kila siku, lakini siku hiyo niliichukia.

Tangu hapo anakaa dawati la mwisho peke yake. Kikombe chake hakiguswi. Wenzake wanamwita Simu, kwa sababu anatetemeka.

Daktari wake hana wasiwasi. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, alale vizuri, asikosee. Atasoma kama mtoto yeyote, kasema. Na kweli, tangu Agosti ni mara mbili tu. Halafu yeye mwenyewe hujua kabla. Husema, "Mama, pasi inaunguza." Pasi imezimwa, imepoa kabisa, lakini yeye anasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Hapo nina kama nusu dakika. Namlaza ubavu, naondoa viti, nahesabu.

Shule ile darasa moja lina watoto ishirini na watano. Kuna chumba chenye kitanda na nesi wa kudumu. Na hakuna anayemjua kwa jina la Simu. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Jumamosi, 9 Novemba

Kaka kaja. Kaka yangu mwenye duka la misumari na mabati, yeye ndiye atakayelipa ada, hana mtoto na Kifungo ndiye macho yake. Kasoma fomu yote amesimama. Alipofika ukurasa wa sita akaniambia, "Mdogo wangu, fomu si mahali pa kuungama."

Nikasema wakijua watamwangalia vizuri. Akasema wakijua hawatamwangalia kabisa. Akanikumbusha mwaka jana. Sikuhitaji kukumbushwa. Shule nyingine hiyo, niliandika ukweli wote, kwa mwandiko mzuri. Wakanijibu kwa heshima kwamba nafasi zimejaa. Wiki iliyofuata wakampokea mtoto wa jirani yangu.

"Aingie kwanza," kaka kasema. "Akishakaa kwenye dawati lao, ndio utasema." Akanipa kalamu yake.

Nimeweka alama ya vema kwenye Hapana. Mkono huu nakata nao hariri bila kutetemeka, leo umeandika kialama kidogo kama mguu wa mende. Chini kuna mstari: taarifa za uongo zitafuta nafasi ya mtoto. Nikatia sahihi chini yake.

Ile methali ya maradhi naijua. Kila mtu anaijua. Siiandiki humu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mazoezi. Mimi ni mwalimu mkuu: miwani ya Bibi Mkasi puani, tepu shingoni, mgongo umenyooka. Bibi Mkasi ni mzee ninayeshirikiana naye duka, yeye ana mashine ya overloki na mdomo, mimi nina cherehani mbili. Alikuwa ametoka kununua uzi. Yeye hajui ugonjwa wa Kifungo — au tuseme sijamwambia.

Unaitwa nani? Una miaka mingapi? Taja wanyama watano. Mtoto anajibu vizuri, ana maneno huyu! Kisha nikauliza, "Una ugonjwa wowote?"

Akasema, "Nina kifa—"

"Hapana!" Nilimkatiza kwa sauti, hata mimi nilishtuka. Nikamweleza. Hiyo ni siri yetu. Usimwambie mtu. Ukiulizwa unasema hapana, na unatabasamu. Nikamsimamisha mbele ya kioo cha wateja. Akasema hapana. Tabasamu likaja limechelewa. Tena. Akainamisha kichwa. Usiinamishe, inua kidogo upande. Tena. Tena. Mara ya tisa ikatoka safi, hata mimi ningeamini.

Nikampa peremende. 

Jumanne, 19 Novemba

Usaili Jumamosi hii. Karani kapiga simu.

Kifungo kaniuliza, "Nikisikia pasi nikiwa kwa mwalimu mkuu, nifanyeje?" Nimemwambia hutasikia. Jibu gani hilo? Ningemjibu nini?

Nimeshona sketi ya usaili. Nimeshona mbili.

Jumamosi, 23 Novemba

Niandike yote kwa mpangilio.

Tumefika saa moja na nusu. Benchi limejaa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, wazazi wanatabasamiana kwa meno ya mbele tu. Mlangoni walikuwa wanapima kila mtoto, tepu mpya kabisa, mpimaji hajui hata kuishika. Nilijizuia nisimnyang'anye. Kifungo kavaa sketi ya bluu, marinda kumi na mawili. Kwenye mkoba wangu kuna ya pili, kitambaa kilekile, marinda yaleyale. Bibi Mkasi aliniuliza mbili za nini. Nikamwambia mtoto anaweza kujimwagia juisi.

Hakulala vizuri kwa hamu ya usaili. Kukosa usingizi ndiko daktari alikotuonya. Nilijua, na bado nilimleta.

Saa mbili na dakika ishirini. Kanivuta mkono. "Mama, pasi." Kwa sauti ya chini, kama anaomba maji.

Na mimi — niandike tu, hapa hakuna mtu — mimi nikamwambia, "Shh. Si hapa." Kana kwamba ni chafya! Halafu ndipo nikamnyanyua, nikatembea haraka lakini si haraka sana, watu wasigeuke.

Choo cha wageni. Vigae vyeupe. Nikafunga komeo, nikamlaza ubavu, mtandio wangu chini ya kichwa chake. Kikaja. Mguu wake ukawa unagonga mlango, ko, ko, ko. Nikaweka mguu wangu katikati ili usisikike. Nikahesabu. Mtu akabisha. "Kuna mtu!" nikasema kwa sauti ya furaha kabisa, sijui niliitoa wapi. Dakika moja na nusu. Nimewahi kushona harusi nzima kwa muda uliokuwa mfupi kuliko huo.

Nikambadilisha sketi. Iliyolowa nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Nikamfuta uso.

Nje, koridoni, nani amesimama? Nesi. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, uso mpole. Kauliza mtoto ana nini. Nikasema tumbo, ni woga wa usaili. "Pole mwanangu," akamshika shavu. "Mpe maji kidogo kidogo, mama." Katika jengo lile zima mtu mmoja alijua la kufanya, na alikuwa mbele yangu, na nikamdanganya huku natabasamu. 

Nikamwomba karani atuweke wa mwisho. Kifungo kalala mapajani kwangu mpaka karibu saa sita. Wazazi wengine walinitazama kwa huruma, wakidhani mtoto hajui kitu, amekata tamaa.

Akaingia. Dakika kumi na nne. Mlango ukafunguka, mwalimu mkuu mkono begani kwa mwanangu. Sketi ya mwalimu mkuu niliishona mimi, najua kiuno chake kimeongezeka inchi mbili tangu ahamie, lakini leo nilimwogopa kama sijawahi kumpima. Kasema, "Mtoto ametulia huyu. Siku hizi hawatulii."

Ametulia! Alikuwa amekamuliwa kama nguo.

Njiani nikamuuliza waliuliza nini. Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani — kajibu fundi, lakini wa watu wazima tu, kwa sababu watoto hawatulii wakipimwa. Unaogopa nini — kajibu kusahau jibu. Una ugonjwa wowote?

"Nikasema hapana. Nikatabasamu kama kwenye kioo."

Nikamwambia vizuri. Nimeificha sura yangu, nikajifanya natafuta funguo.

Jumapili, 24 Novemba

Sketi iliyolowa nimeifua. Imeanikwa. Siwezi kuitazama.

Ijumaa, 6 Desemba

KAINGIA!

Nieleze nilivyojua, maana barua za wazazi zinatoka wiki ijayo. Kila Desemba shule inaniletea orodha ya vipimo vya watoto wapya ili nianze sare. Haina majina, namba tu. Siku ya usaili hupimwa wote, lakini inayonifikia ni ya waliopokelewa peke yao. Miaka yote hiyo imekuwa kwangu kazi tu. Leo dereva wa shule kaniwekea mezani, nikashindwa kuigusa. Nikashona mfuko mmoja. Nikashona wa pili, upande usio wake. Ndipo nikaifungua.

Kifua 25, kiuno 22, sketi 17. Vipimo vya mwanangu navijua kama sala. Kidole kikashuka. Namba tisa, hivyohivyo! Kidole kikashuka tena. Namba kumi na saba, hivyohivyo! Wawili, sawasawa. Mmoja anaweza kuwa wangu, au hata mmoja asiwe. 

Mwaka huu kuna safu mpya mwishoni: kichwa. Namba tisa, inchi 20. Namba kumi na saba, 21 na nusu.

Nikapiga kelele. Kile ni kichwa cha kaka yangu! Hakuna kofia ya mtoto iliyowahi kumwingia Kifungo, tangu alipozaliwa tunamtania kwamba mjomba wake kamwazima. Bibi Mkasi akaangusha sindano, akataka kujua nani kafa. Nilipomwambia akacheza, na goti lake lile bovu, akizunguka meza ya kukatia.

Kisha akasimama, akauliza, "Mbona wanapima vichwa? Sare yao ina kofia?"

Haina. Nikafungua ukurasa wa pili. Nguo za kuogelea, ishirini na tano. Kofia za kuogelea za kitambaa cha kuvutika, ishirini na tano. Darasa la tatu, kila Jumatano, lazima kwa wote.

Bwawa lile nalijua. Miaka sita napita nalo nikienda stoo, limejaa majani makavu na madawati mabovu. Mwalimu mkuu mpya kalikarabati.

Nimekaa chini. Bibi Mkasi bado anaimba. Mtu akipatwa nchi kavu, anaanguka. Majini anazama, na hawezi hata kupiga kelele. Daktari alisema mara ya kwanza kabisa: maji na moto, mama, hivyo viwili.

Jumatano, 11 Desemba

Nashona kofia. Bluu zote, za kufanana. Mwalimu mmoja wa kuogelea, vichwa ishirini na tano vya bluu.

Leo Bibi Mkasi kazima overloki, kakaa mbele yangu. Nikajua kuna neno. "Mwanangu," kasema, "mimi si mpelelezi. Lakini jana ulipokwenda kuchukua kitambaa, mtoto alijilaza mwenyewe chini ya meza ya kukatia. Kwa ubavu. Akaweka mabaki ya vitambaa chini ya kichwa. Halafu kikamshika."



"Kilipoisha nikampa maji. Kaniambia bibi, usimwambie mama. Mama akijua nitakosa shule."

Nikamwita Kifungo uani. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Kasema, "Ulisema nisimwambie mtu." Nikasema mimi si mtu, mimi mama yako. Akafikiri. Akasema, "Mama ni mtu."

Mara ngapi, nikauliza. Akahesabu kwa vidole. Tatu. Tatu! Mwezi mmoja! Mbili shuleni kwenye lile dawati la mwisho — ndogo, kasema, za kuganda tu. Siku hizo zote nilimuuliza jioni, umesikia pasi leo? Zote alijibu hapana, na alitabasamu.

Naogopa. Naandika neno hilo kwa sababu sijui la kufanya nalo. Zamani nilikuwa naogopa ugonjwa, lakini ugonjwa ulikuwa unatoa taarifa. Sasa nimeizima taarifa kwa mkono wangu.

Ijumaa, 20 Desemba

Daktari kaongeza dozi. Nikamwomba cheti: mtoto anaumwa masikio, asiingie majini. Masikio tu, nikasema, mstari mmoja. Kavua miwani. Kasema yeye huandika anachotibu. Kaandika barua ya kweli, ukurasa mzima: ugonjwa, dawa, cha kufanya akianguka, kwamba anaweza kusoma na kucheza kama wenzake, majini asiingie bila mtu wake wa kumtazama yeye peke yake. Kaitia kwenye bahasha, kanipa. "Mama," kasema, "barua hii si ya kumfukuzisha." Rahisi kwake.

Kaka, kwenye simu: "Usithubutu. Subiri muhula uishe." Nikamwambia kuna bwawa.  Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema, mwambie awe anakaa kina kifupi.

Kina kifupi! Mtu huzama hata kwenye beseni, kaka yangu.

Bahasha nimeiweka kwenye mkoba, chini ya pini.

Jumatatu, 6 Januari

Siku ya kwanza. Sare imemkaa — ikose kumkaa mwana wa fundi! Kanikataza nisimshike mkono getini. Akaingia na msichana mwenye mikia miwili ya nywele. Saa tisa alirudi na habari moja tu: msichana yule kanywea kikombe chake. Kakirudia mara nne. "Mama, kanywea. Kikombe changu. Hakufuta hata."

Nililia jikoni nikisingizia kitunguu ambacho sikuwa nacho.

Nitaipelekaje bahasha sasa?

Jumatano, 8 Januari

Nimeandika kibarua: ana mafua. Wamekipokea. Kakaa pembeni ya bwawa akiwashikia wenzake taulo.

Wiki moja nimeinunua.

Jumanne, 14 Januari

Waraka umekuja. Anayeomba kutoogelea alete barua ya daktari. Vibarua vya wazazi havitapokewa tena. Inaonekana tuko wengi wenye mafua.

Nimeshona kifungo cha njano juu ya kofia yake, niweze kumtambua, au mtu yeyote aweze. Kanuna. Ya wenzangu haina, kasema. Nikasema itabaki.

Nimemuuliza kama anataka kuogelea. Macho yakawaka. Kasema yule wa mikia miwili atamfundisha kuelea chali. Nikamwambia naogopa. Mara ya kwanza kumwambia. Akanipiga bega, kama mimi ninavyompiga yeye. "Hakuna pasi siku hizi, mama." Na lile tabasamu.

Sijui. Huenda ni kweli, dozi imeongezwa. Sijui, sijui, sijui! Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kunionya, na sasa nikimuuliza napata jibu la usaili.

Jumatano, 15 Januari

Benchi la nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Saa nne kasoro dakika ishirini na tano.

Nilikuwa dukani nakata koti. Nikakata mkono wa kushoto mara mbili — kitambaa cha watu kimeharibika. Bibi Mkasi hakuuliza. Kanipa mkoba wangu, kasema, "Nenda." Nimetembea, kisha nimekimbia. Nimeingia geti la mbele.

Bahasha iko juu ya magoti. Nimejipanga hivi: naingia, nasema nilidanganya mimi, mtoto hakudanganya, alifundishwa. Nipigeni marufuku mageti yote mawili, sare mpeni fundi mwingine, lakini yeye mwacheni. Kisha watasoma ule mstari wa chini nilioutilia sahihi. Nafasi itafutwa. Atarudi kwenye dawati la mwisho. Yule wa mikia miwili ataambiwa na mama yake kikombe alichonywea kilikuwa cha nani.

Au nanyamaza wiki hii tu. Labda dozi. Labda hakuna kitu.

Karani kasema mwalimu mkuu ana wageni, kuna wawili mbele yangu. Nikamwambia ni haraka. Kasema kila mzazi ni haraka. Darasa la tatu wanaingia majini saa ngapi? Saa nne kamili, kasema, kwani umeleta kofia zilizopungua?

Saa nne kasoro dakika kumi. Nasikia maji nyuma ya ukuta, wanajaribu bomba. Mzazi mmoja katoka. Mwingine kaingia na faili nene.

Kasoro tano. Wanapita! Mstari, wawili wawili, kofia za bluu, taulo mabegani. Nimeshona zote na siwezi kumwona mwanangu. Natafuta njano. Hakuna njano. Wa kumi, wa kumi na mbili — pale! Pamoja na yule wa mikia miwili, wameshikana mikono. Juu ya kofia kuna nyuzi mbili zimening'inia. Kifungo kakitoa kwa meno.

Kaniona. Kashtuka. Nikagusa pua — ndiyo ishara yetu, pasi?

Katikisa kichwa. Hapana. Akatabasamu. Kichwa kimeinuliwa kidogo upande, meno yanaonekana, tabasamu halikuchelewa hata kidogo. Safi kabisa. Lile la mara ya tisa.

Wamekata kona.

Filimbi. Nimegonga dirisha la karani. Kasema, mama kaa, zamu yako haijafika. Nimemwambia aniitie nesi. Kasema nesi wa nini, nani anaumwa? Bahasha nimeipasua, barua iko mkononi. Hii naandika nimesimama